Kitenzi Kinachokwepwa katika Macbeth

Neno la Kiingereza "assassination" linaonekana mara moja tu katika kazi zote za Shakespeare. Limo katika Macbeth, sehemu ya kwanza, onyesho la saba, na anayelitamka ni mwenye nyumba ambaye wakati huohuo mgeni wake, mfalme Duncan, yuko chumba cha pili anakula chakula cha jioni. Mwenye nyumba amejitenga, yuko peke yake, anaiambia nafsi yake habari ya kumuua mgeni huyo. Tamthilia hii inakadiriwa kuandikwa mwaka 1606, na matumizi haya ni miongoni mwa ya mwanzo kabisa ya neno hilo katika maandishi ya Kiingereza. Watu waliojaa ukumbini London walilisikia likiwa bado geni masikioni.

Nataka kulitazama neno hilo pale lilipokaa, kisha nifuatilie jinsi mchezo mzima unavyogawa maneno ya kuua: nani anapewa lipi, saa ngapi, na mbele ya nani. Shuleni tulizoeshwa kugawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui, na tukifika kwa Shakespeare fani huishia kwenye sitiari mbili tatu kabla ya kukimbilia maudhui, ambayo huwa ni tamaa ya madaraka. Tamaa ya madaraka imo, hakuna ubishi. Lakini wanaotamani kiti cha mwenzao ni wengi duniani. Kinachomfanya Macbeth awe Macbeth ni namna anavyosema anachotaka kufanya, na zaidi namna anavyokataa kukisema.

Mshororo wa kawaida wa Shakespeare una mizani 10, nyepesi na nzito zikipokezana. Mshororo unaofungua hotuba hii una maneno 10, kila neno silabi moja. Ni maneno mepesi, ambayo mtoto wa Kiingereza anayajua kabla hajaanza shule. Kitenzi cha kutenda kinarudiwa mara tatu ndani ya mshororo mmoja na nusu, na mara zote tatu hakina mtenda. Kinachotendwa nacho hakitajwi. Kuna kiwakilishi tu, kile ambacho Kiswahili hukibeba kwa kiambishi. Ni sawa na mtu aanze kusema "likitendeka", aendelee na "litakapotendeka", bila kukuambia hata mara moja kwamba hiyo li- inasimama badala ya nini. Watazamaji wanajua. Macbeth naye anajua, ila ulimi wake unakizunguka kiwakilishi kama mtu anayezunguka shimo gizani.

Halafu, mwishoni mwa mshororo wa pili, linatua lile neno kubwa. Baada ya msururu wa silabi mojamoja, linakuja neno la silabi tano lenye umbo la Kilatini, refu kiasi kwamba mizani inazidi moja na kuning'inia ukingoni mwa mshororo. Sentensi haijaisha, inavuka kwenda mshororo unaofuata, na hapo sauti ya s iliyojaa ndani ya neno lile inaanza kusambaa. Mara yanakuja maneno mawili yanayofuatana, moja la kukoma na jingine la kufanikiwa, ambayo kwa Kiingereza yanafanana sauti hadi mwigizaji asipokuwa mwangalifu anayachanganya. Kifo cha mwenzake na mafanikio yake vinakaribia kuwa neno moja mdomoni. Huyu ni mtu anayenong'ona. Shakespeare amemfanya anong'one kwa kuchagua konsonanti, bila maelekezo yoyote ya jukwaani.

Cha muhimu zaidi ni aina ya neno lenyewe. Ni nomino. Macbeth amepita kutoka kiwakilishi kisicho na jina hadi jina lisilo na watu. Ndani ya nomino ile hamna Duncan, hamna Macbeth, hamna kisu. Ni jambo, linaweza kujadiliwa kama biashara, kama hesabu ya faida na hasara, na ndivyo anavyolijadili: je, likifanyika litafunga matokeo yake, au matokeo yatalifuata? Mbele kidogo katika hotuba hiyohiyo neno la "muuaji" linatokea, na ukilitazama haraka utasema nimekosea, kwamba Macbeth analitaja jambo kwa jina lake. Tazama lilipowekwa. Anasema kwamba yeye, kwa kuwa ni mwenyeji, alipaswa kumfungia mlango muuaji wa mgeni wake. Muuaji yuko nje, ni mtu wa tatu, anabisha. Macbeth yuko ndani ameshika komeo. Ni katika nusu ya mwisho tu ya sentensi ile ndipo kisu kinapokuja mkononi mwake, na kinakuja ndani ya kukanusha.

Neno lenyewe limesafiri mbali kufika hapo. Asili yake ni Kiarabu, jina la dharau ambalo mahasimu waliwabandika Waismaili wa Nizari, jamii ya Kishia iliyojenga dola ya ngome katika milima ya Uajemi na Shamu. Hasan-i Sabbah aliitwaa ngome ya Alamut mwaka 1090. Miaka miwili baadaye waziri mkuu wa Waseljuki, Nizam al-Mulk, aliuawa kwa kisu. Mwaka 1192 Conrad wa Montferrat aliuawa mjini Tiro kwa namna hiyohiyo. Wapiganaji wa Msalaba walirudi Ulaya na jina hilo, na juu yake wakarundika hadithi za bustani ya siri na vijana waliolevywa bangi. Mwanahistoria Farhad Daftary ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba hadithi hizo hazina msingi. Wamongolia walipoibomoa Alamut mwaka 1256 dola ilikwisha, jamii ikabaki. Wajukuu wa imani hiyo ndio tuishio nao Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na Aga Khan wa Nne alisimikwa Dar es Salaam mwaka 1957. Nalisema hili kwa sababu linahusu umbo moja kwa moja. Kiingereza kilipotafuta neno la kumwua mkubwa kwa hila, hakikulichonga kutoka kwa watu wake. Kilichukua jina la watu wa mbali, kikawatwika wao. Macbeth, Mskoti ndani ya nyumba yake mwenyewe, akiwa na kisu chake mwenyewe, anachagua kukiita kitendo chake kwa jina la wageni.

Na kisu ni chake kweli. Shakespeare alihakikisha hivyo. Katika historia Duncan alikufa mwaka 1040 vitani, na Macbeth akatawala miaka 17 baada yake. Mauaji ya chumbani Shakespeare aliyachukua kutoka hadithi nyingine ndani ya kitabu cha mwandishi wa historia Holinshed, ya Donwald aliyemuua mfalme Duff kwa kuchochewa na mkewe. Lakini Donwald alituma watumishi wanne wakafanya kazi ile. Shakespeare aliwafuta wale wanne, akakitia kisu mkononi mwa Macbeth. Baada ya kuuweka mkono pale wazi kabisa, akampa mwenye mkono lugha ya kuuficha. Hapo ndipo mchezo unapoishi.

Sikiliza wanavyozungumza mke na mume. Tangu Lady Macbeth anaposoma barua hadi wanapoachana usiku ule, wanapanga mauaji kwa undani: saa, divai ya kuwalevya walinzi, visu vya nani vitumike, damu ipakwe wapi, kilio kiwe kikubwa kiasi gani asubuhi. Hawajakosa maneno. Lakini neno la kawaida la Kiingereza la kuua kwa kukusudia, "murder", halipiti kati yao. Kuna shughuli, kuna kazi kubwa ya usiku huu, kuna mpango, kuna mgeni anayepaswa kuandaliwa. Mara moja mke anatumia neno la kale la kuangamiza, ambalo hata wakati ule lilikuwa limeanza kuchakaa, na mara moja anataja kifo cha mfalme, lakini kama jambo watakalokuja kulililia. Akiwa peke yake mwanamke huyu anaita pepo wa mauaji bila woga. Akikaa na mumewe anarudi kwenye lugha ya ofisi. Naona hili linatisha kuliko pepo. Watu wawili waliolala kitanda kimoja miaka mingi hawahitaji kutajiana. Wanaelewana kwa kiwakilishi.

Mtu anayemjua Juliasi Kaizari, mchezo ambao Mwalimu Nyerere aliuweka katika Kiswahili na kuuchapisha mwaka 1963, atakumbuka kwamba Bruto naye hupanga maneno kabla ya kupanga visu. Lakini Bruto anafanya hivyo hadharani mbele ya wenzake, kwa sauti ya mwalimu: anawafundisha waite kitendo chao kafara, wajiite wasafishaji, na kuuawa kwa Kaizari kunafanyika mchana, jukwaani, mbele ya macho yetu. Anayemshinda ni Antonio, na anamshinda kwa mbinu ya umbo. Katika hotuba yake ya mazishi Antonio halitamki neno la wauaji. Anazidi kuwaita waheshimiwa, anazidi, mpaka raia mmoja katika umati anashindwa kuvumilia na kulipiga kelele yeye. Neno limetolewa na umati, kwa hiyo ni la umati, na kutoka hapo nyumba zinachomwa. Mchezo wa Roma unauliza nani atalitamka neno kwanza hadharani. Macbeth umelipeleka swali hilo chumbani, usiku, na kwa sababu hiyo ni mgumu zaidi kuuigiza.

Onyesho la pili la sehemu ya pili ndilo kiini. Duncan ameshauawa, nyuma ya jukwaa. Macbeth anashuka na visu vyote mkononi, kosa la mtu aliyechanganyikiwa. Anamwambia mkewe amekifanya kile kitendo. Kitendo: bado hakina jina. Mishororo inavunjika. Mizani 10 ambayo ilikuwa ikibebwa na mtu mmoja inagawanywa vipande, mke swali, mume swali, silabi moja hapa, moja pale, watu wawili wanasukumiana neno moja moja gizani kana kwamba hakuna mwenye pumzi ya kutosha kuumaliza mshororo.

Na hapo, katikati ya vipande hivyo, neno "murder" linapita kati yao kwa mara ya kwanza. Linatoka wapi? Macbeth anasimulia kwamba katika chumba cha jirani mtu mmoja alicheka usingizini na mwingine akalipiga kelele neno hilo, kisha wote wawili wakasali, wakalala tena. Neno ambalo wapangaji wawili wenye macho wazi hawakuthubutu kuambiana linatamkwa na mtu aliyefumba macho, asiyejua anachosema. Mara ya pili ni pale Macbeth anapodai alisikia sauti ikimshitaki. Sauti hiyo inalitumia neno kama kitenzi, na kitenzi kina mtenda: Macbeth, kwa jina lake. Hatimaye! Lakini tafuta shamirisho. Aliyeuawa katika sentensi ile si Duncan. Ni usingizi. Shakespeare ametupa kitenzi kamili na mtenda kamili, akambadilisha marehemu. Halafu anaacha Macbeth amwage mishororo mizima ya kuusifu usingizi, tamko moja juu ya jingine, utadhani anasoma tanzia. Na ndiyo tanzia pekee ya kweli anayoitoa usiku ule. Mkewe anamwuliza, na ana haki ya kuuliza, ana maana gani. Nimeona waigizaji wakiyasoma maneno yale kama ushairi mtamu. Sioni utamu. Ni mtu anayeomboleza kila kitu isipokuwa maiti.

Mlango unabishwa, bawabu mlevi anachelewa kuufungua, Macduff, mmoja wa mabwana wa Uskoti, anaingia kumwamsha mfalme. Kutoka hapa lugha inahama. Macduff anatoka chumbani akilia kwamba hapana ulimi wala moyo wa kulitaja aliloliona, kisha analitaja, tena bila kuchelewa. Usemi wake wa kwanza bado una pambo: anayafanya mauaji yenyewe kuwa mwizi aliyelivunja hekalu la mpakwa mafuta wa Bwana. Mtenda katika sentensi ni mauaji. Lady Macbeth anapotokea na kuuliza kuna nini, Macduff anakataa kumjibu: neno hilo, anasema, likianguka katika sikio la mwanamke litamwua. Kwa mara ya pili neno la kuua limepata mtenda asiye mtu. Sekunde chache baadaye Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anafika, na sasa Macduff anaachana na pambo. Anasema kwa ufupi kwamba bwana wao ameuawa. Watoto wa mfalme wanaingia, anawaambia vilevile kwamba baba yao ameuawa.

Malcolm, mwana mkubwa, halii. Anauliza nani amefanya.

Wapo wasomaji wanaomwona mkavu kwa jibu hilo. Mimi naona ndiye mtu wa kwanza katika mchezo anayesikiliza sentensi vizuri. Macduff amempa kauli ya kutendwa: kuna kitendo, kuna aliyetendwa, pahali pa mtenda ni patupu. Malcolm anakidai kile kilichoachwa nje. Kiingereza kinapaacha patupu kwa urahisi, na Kiswahili pia, kwa silabi moja tu. Ukisema "amemuua" huwezi kukwepa: muuaji yuko mbele katika a-, marehemu yuko katikati, wote wamebanwa ndani ya neno moja na kitenzi mwishoni. Ukisema "ameuawa" muuaji ametoweka, na marehemu amehamia mahali pake. S. S. Mushi alipoutafsiri mchezo huu, ukatoka Tanzania Publishing House mwaka 1968 kwa jina la Makbeth, lugha yake ilikuwa na kipimo ambacho Kiingereza hakina: kila mara mhusika anapochagua kati ya umbo moja na jingine, sikio la Mswahili linasikia mtu akiingia au akitoka.

Malcolm anajibiwa. Lennox, mtu mwema, anasema ni walinzi wa chumbani, kama inavyoelekea. Nyuso na mikono yao imejaa damu. Pahali patupu pamezibwa, na pamezibwa na watu wasioweza kujibu. Kwa maana hapo Macbeth anaingilia kati na kusema sentensi ambayo nimekuwa nikiisubiri tangu mwanzo wa tamthilia. Anajuta, anasema, kwa hasira iliyompanda hata akawaua. Nafsi ya kwanza, kitenzi cha kawaida cha kuua, shamirisho mahali pake. Hakuna kiwakilishi cha kukwepa, hakuna nomino ndefu. Mtu ambaye kwa maonyesho mengi hakuweza kusema "nimemuua" analisema mbele ya ukumbi mzima, juu ya walinzi wawili wasio na hatia, na analisema kwa urahisi. Walinzi walikuwa wa kutajika. Vifo vyao vilikuwa na kazi ya kufanya katika sentensi ya mtu mwingine. Macduff anamwuliza kwa nini amefanya hivyo, na Macbeth anajibu kwa maneno yaliyopambwa, damu ya dhahabu juu ya ngozi ya fedha. Mkewe anazimia, au anajifanya kuzimia.

Mbinu hii haikubaki Uskoti. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Tarehe 13 Februari waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, alitangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji, wa kijiji ambacho alikataa kukitaja. Itazame taarifa ile kama ungetazama maneno ya Lennox. Kitenzi kipo, marehemu wapo, na mtenda yupo kisarufi: wanakijiji. Swali la Malcolm limejibiwa kabla halijaulizwa. Lakini nomino iliyowekwa pale haina sura, haina jina, haiwezi kuitwa mahakamani. Ilichukua miaka 40 kabla ya tume ya bunge la Ubelgiji kuandika habari nyingine, na serikali ya nchi hiyo ikaomba radhi mwaka 2002.

Tanzania tuna usemi wetu wa kuziba pengo hilo: watu wasiojulikana. Fulani ametekwa na watu wasiojulikana, fulani ameuawa na watu wasiojulikana. Msomaji wa gazeti ameuona mara nyingi hata haumshtui. Kisarufi sentensi imekamilika, "na" imepata mtu wake. Lakini "wasiojulikana" nayo ni kauli ya kutendwa, na ndani yake kuna pengo jingine: wasiojulikana na nani? Anayeandika hivyo amelijibu swali moja la Malcolm kwa kuzalisha la pili, na la pili halina mahali pa kuulizwa. Mwandishi wa habari hana budi wakati mwingine; hawezi kumtaja asiyemjua. Bado naamini ni heri "ameuawa" iliyo wazi, ikiacha pengo lionekane kuwa pengo, kuliko nomino iliyowekwa kulifunika.

Waingereza wangeliita tukio la Lumumba kwa lile neno la silabi nyingi, na wameliita hivyo vitabuni, kama walivyofanya kwa Eduardo Mondlane aliyeuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, na Tom Mboya aliyepigwa risasi Nairobi Julai mwaka huohuo. Neno hilo lina heshima yake: linamtambua marehemu kuwa mtu mkubwa na mauaji kuwa ya kupangwa. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo na sioni kwamba kimepungukiwa. Tunasema aliuawa, kisha tunalazimika kuongeza "kwa": kwa bomu, kwa risasi, kwa kisu. Kitu kilichotumika kinabaki ndani ya sentensi.

Narudi kwa Macbeth, ambaye akishakuwa mfalme hahitaji tena kushika kisu. Sehemu ya tatu anakodi watu wamuue Banquo. Katika maandishi ya 1623, chapa ya kwanza ya mchezo huu, watu hao hawana majina. Wameitwa Muuaji wa Kwanza, Muuaji wa Pili. Kazi yao ndiyo jina lao. Lakini tajiri wao haliiti jambo kwa jina hata akiwa nao. Anazungumzia shughuli atakayoitia vifuani mwao, na adui atakayeondolewa. Banquo anaporudi kama mzuka na kukikalia kiti cha mfalme, Macbeth anamkanusha mbele ya wageni wote: hawezi kumwambia kwamba ndiye aliyelifanya. Kile kiwakilishi cha sehemu ya kwanza kimerudi. Sasa kinasemwa kwa kelele, na wageni hawajui kinasimama badala ya nini.

Onyesho linalofuata kwa uzito ni fupi, na walimu wengi hulipita upesi. Wauaji wanaingia nyumbani kwa Macduff, ambaye amekimbilia Uingereza. Mtoto wake wa kiume, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akimtania mama yake kwa maswali ya kitoto yenye akili, anachomwa kisu jukwaani. Na anasema. Anamwambia mama yake kwamba mtu yule amemwua, kisha anamwomba akimbie. Ndiyo mara ya kwanza tunayaona mauaji ya mtoto waziwazi, na ndiyo mara pekee katika mchezo huu ambapo aliyeuawa mwenyewe anaunda sentensi: mtenda, kitenzi, na yeye mwenyewe mahali pa shamirisho. Kwa Kiswahili yote matatu yangekaa ndani ya neno moja. Mabwana na mabibi wa Uskoti walikuwa na ngome, divai, ushairi na nomino za Kilatini, na wote walishindwa kuisema sentensi ambayo mtoto anayekufa anaisema bila taabu. Sidhani Shakespeare alifika hapa kwa bahati. Alikuwa amemnyima kila mtu mwingine.

Ndipo habari inampata baba. Ross, bwana mwingine wa Uskoti, amesafiri hadi Uingereza, anamkuta Macduff akiwa na Malcolm, na ulimi wake unakwama. Macduff anauliza hali ya mkewe. Ross anasema ni mzima. Watoto je? Nao wazima. Anacheza na neno la amani, ambalo ni kweli kwa maiti na ni uongo kwa anayelisikia. Mwishowe anajikaza na kusema kwamba ngome imevamiwa, mke na watoto wamechinjwa kinyama. Ni kauli ya kutendwa, na mtenda hayumo, sawasawa na ile ambayo Macduff mwenyewe aliitumia asubuhi ile ya Duncan.

Macduff anauliza mengi. Watoto pia? Mke naye? Wote? Umesema wote? Anarudia, anaomba kuhesabiwa upya, mishororo inakatika kama ilivyokatika usiku wa mauaji ya kwanza. Kitu kimoja hakiulizi. Hamwulizi Ross ni nani aliyefanya. Malcolm anamsogelea na kumwambia kisasi kitakuwa dawa ya huzuni yake, na Macduff anajibu kwa sentensi fupi: kwamba mtu fulani hana watoto. Kiwakilishi tu cha nafsi ya tatu, bila jina. Wahakiki wamebishana kwa vizazi juu yake. Wapo wanaosema anamlenga Malcolm, kijana asiye na mtoto anayetoa faraja rahisi; wapo wanaosema ni Macbeth, ambaye hana cha kulipia kisasi kinacholingana. Kwa Kiswahili anayetajwa angekaa ndani ya ha- ya "hana", na ubishi ungebaki vilevile. Mimi niko na wanaosema ni Macbeth, kwa sababu pumzi inayofuata Macduff anamwita mtu huyo mwewe aliyeshuka mara moja akabeba kuku na vifaranga vyake, na Malcolm hajabeba chochote. Hata hivyo chapa ya 1623 haina maelekezo yoyote hapo, na mwigizaji akigeuka akamtazama Malcolm anaposema maneno hayo, hakuna mstari wa kumkataza.